Andalio la Somo la Mgomba

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, saa nne asubuhi, nilimpoteza mke wangu. Alikuwa mwalimu katika shule moja ya msingi upande wa Njoro, hapa Moshi. Mimi ni fundi viatu wa Majengo na shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo naandika ninavyoweza.

Tulimzika Kilema, kwenye kihamba cha kaka zake, yaani shamba la ukoo, kati ya migomba na mibuni. Mimi sina kihamba. Baba yangu alikuja mjini kutoka Upareni akapanga chumba, na mimi nimepanga chumba mpaka leo. Kaka zake hawakunisema kwa hilo. Mvua ya masika ilikuwa inanyesha, na nilipoinamisha kichwa kaburini niliona viatu vya watu vimejaa tope. Vingi nilivishona mimi.

Hatukujaaliwa watoto. Jumapili, tukishatoka misani na kula, yeye alikuwa anaandaa masomo ya wiki. Alifundisha masomo mengi, kama walimu wote wa msingi, lakini lililomkaa moyoni lilikuwa sanaa. Shuleni walipewa vishikwambi, vile vya kioo cha kugusa vilivyo vikubwa kuliko simu, na cha kwake nilikishonea mfuko kwa ngozi ya buti kuukuu. Humo ndimo alimoandika maandalio yake. Andalio lina visanduku: utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri, hitimisho. Chini kabisa kuna nafasi ya maoni, ambayo mwalimu huijaza akishafundisha.

Kwenye semina walielezwa kwamba mtoto si debe la kujazwa. Anaanzia kwenye kitu anachokijua, anapandishwa hatua moja huku mkono wake umeshikwa, halafu mkono unaachiwa. Mke wangu aliyaamini hayo, akaongeza la kwake: mwalimu hawezi kuiona hatua inayokosekana mpaka ampate mtu wa kujikwaa hapo. Mtu huyo nilikuwa mimi.

"Fundi, njoo darasani," alikuwa akiniita kutoka mezani.

"Leo la ngapi?"

"La tatu. Na usinisumbue kama Jumapili iliyopita."

"Wewe ndiye uliyesumbua. Uliniambia nichore kuku, hukuniambia kuku anaanzia wapi."

"Kuku anaanzia popote!"

"Kwako wewe."

Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaandika kwenye kisanduku: waanze na yai, yai ndilo mwili. Nikachora yai, nikalitia miguu, likawa kuku. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuchora kitu kikafanana.

Mwishoni aliuliza swali lilelile kila mara: "Umepotea wapi?" Hakuniuliza kama nimeelewa. Alisema mtoto ukimwuliza kama ameelewa atakuambia ndiyo ili umwondokee.

Mwaka huu moyo wake ulichoka. Miguu ilivimba, ngazi tatu za mlango wetu zikawa mlima. Jumapili ya mwisho alikuwa kitandani, mito miwili mgongoni, nami nimeketi kwenye kigoda na sinia magotini. Somo lilikuwa kuchapa ruwaza. Kishikwambi kilikuwa na programu ya kuulizwa maswali, na siku chache nyuma ilikuwa imempa hatua za somo: kata kiazi, chonga umbo, paka rangi, gandamiza kwenye karatasi. Kiazi alikikataa.

"Kuna watoto wanakuja hawajanywa hata chai," alisema. "Niwape viazi wavipake masizi?"

Mahali pa kiazi akaweka kikonyo cha jani la mgomba, ile sehemu nene jani linaposhikana na shina. Ukikikata unaona vyumba vidogo vidogo, kama sega la nyuki. "Hiki Mungu ameshakichonga," alisema. Alibadilisha kitu cha kukata, hatua nyingine akaziacha vilevile. Na kwa kuwa vidole vilikuwa havina nguvu ya kuandika, aliniambia nibonyeze kitufe cha kurekodi, akaanza kusema somo zima kwa sauti, kituo kwa kituo.

Nilikata. Utomvu ukatiririka kwenye sinia na kwenye mkono wa shati langu. Nikapaka rangi, masizi ya mkaa yaliyokorogwa na uji wa muhogo, lakini haikushika kwa sababu kikonyo kilikuwa kinalia maji. Nikagandamiza. Karatasi ikapata doa, kama mahali mtu alipomwaga chai. Sikuona sega wala chumba.

"Umepotea wapi?" aliniuliza.

Nilimtazama. Alikuwa amefumba macho. Nilitaka alale.

"Sijapotea popote, mwalimu."

"Kweli?"

"Kweli. Hata mtoto wa chekechea angeweza."

"Haya. Zima."

Nikazima. Karatasi niliikunja nikaitia mfukoni, shati nikalificha chini ya nguo chafu. Siku mbili baadaye akafa.

Utomvu wa mgomba alikuwa anaujua tangu alipokuwa anabebwa mgongoni Kilema. Nadhani ndiyo maana hakuutaja. Kitu ukikijua sana hukioni tena. Mimi ni mtoto wa mjini, ndizi naziona sokoni zimeshakatwa. Kazi yangu ilikuwa kujikwaa pale na kusema. Ningesema, angefumbua macho, angecheka, "Kumbe nimesahau utomvu!" Hiyo ingekuwa furaha yake ya mwisho kazini. Nilimnyima.

Matanga yalipoanuliwa nilipeleka kishikwambi shuleni. Mwalimu mkuu, mama wa makamo, alikipokea kwa mikono miwili. "Shemeji, hiki ni mali ya shule, lakini usingeharakisha," alisema. Sikuwa naharakisha. Nilikuwa naogopa kuisikiliza ile sauti.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa saba, darasa lake alipewa mwalimu kijana kutoka upande wa Singida. Nilikuja kulijua jambo hilo kupitia mama mmoja aliyeleta viatu vya mwanawe kwenye benchi langu.

"Fundi, wewe si mume wa marehemu mwalimu?"

"Ndiye mimi."

"Pole. Lakini nikuambie ukweli, somo lake limetutia hasara. Darasa zima wamekuja na mashati meupe yana madoa ya mgomba. Hata uloweke wiki, utomvu hautoki. Yule kijana anasema amelikuta limeandikwa hivyo hivyo na marehemu." Akashusha sauti. "Mungu amrehemu, lakini mtu wa Kilema kabisa asijue utomvu? Watu wanasema mwishoni kichwa kilikuwa kimeshachoka."

Nilivuta uzi, nikafunga fundo. Alipoondoka nilikaa na kiatu kingine mkononi bila kukishona. Miaka ishirini na sita watu walikuwa wanamwita mwalimu, na sasa wangemkumbuka kwa madoa yangu.

Asubuhi yake nililitoa shati chini ya nguo, nikatoa na ile karatasi, nikaenda Njoro kwa miguu. Mwalimu mkuu alimwita yule kijana ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Nilipoeleza kilichonileta, alitazama sakafu kwanza. "Mzee, mimi ile sauti niliisikiliza mara mbili. Kwetu migomba si mingi. Wewe ulisema hata mtoto wa chekechea angeweza." Hakusema kwa ubaya.

"Nilidanganya," nikasema.

"Shemeji, ulikuwa unauguza," mwalimu mkuu akaingilia.

"Ndiyo, Mwalimu. Na nilidanganya."

Nikatandaza shati mezani, mkono wenye doa juu, na karatasi kando yake. Doa la shati lilikuwa limeshakuwa la kahawia iliyokolea. Wote wawili waliliangalia. Kijana aligusa karatasi kwa kidole, akasema hata za watoto zilitoka hivyo hivyo, na kwamba wawili watatu wenye babu zao Kilema walikuwa wananong'ona, lakini hakuna aliyeinua mkono.

"Mtoto hamkatizi mwalimu," mwalimu mkuu akasema. Akafungua kabati, akatoa kishikwambi kikiwa bado kwenye mfuko wa buti, akakiweka mbele yangu. "Basi kaa, Shemeji. Umepotea wapi?"

Alilijua swali lile. Kumbe alikuwa akiwauliza hata walimu wenzake.

Nilieleza. Kijana akanifungulia kile kisanduku cha chini, cha maoni, ambacho kilikuwa kitupu, nami nikaandika kwa kidole kimoja. Ilinichukua muda mrefu kuliko kubadilisha soli. Niliandika kwamba vikonyo vikatwe siku moja kabla, visimamishwe kwenye ndoo utomvu ushuke, vifutwe kwa kitambaa kikavu, na watoto wavae nguo kuukuu juu ya mashati. Hayo nilikuwa nimewauliza shemeji zangu wa Kilema kwa simu, usiku uliotangulia. Walishangaa kwamba kuna mtu asiyeyajua. Chini yake niliandika kwamba kosa si la mwalimu aliyeandaa, ni la mwanafunzi aliyeulizwa akasema uongo. Mwalimu mkuu aliyasoma, akasema atawasomea na wazazi kwenye kikao. Aliyasoma kweli. Nilikuwepo.

Niliomba jambo moja tu. Kijana alikuwa anajua kukata sauti. Nikamwambia akate majibu yangu na yote yaliyofuata, swali aliache.

Somo lilirudiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, nami nikaruhusiwa kukaa dawati la nyuma. Watoto walikuwa wamevaa fulana za kaka zao na kanga za mama zao. Mwalimu kijana alikuwa akikiwasha na kukizima kishikwambi kituo kwa kituo, na mke wangu akawa anafundisha, akipumua kwa shida katikati ya maneno. Sauti ilipofika mwisho ikauliza, "Umepotea wapi?" na baada ya hapo hakukuwa na kitu.

Msichana wa dawati la tatu akainua mkono. "Mimi, hapo kwenye kugandamiza. Sijui nigandamize kwa nguvu au polepole."

Mwalimu alimwendea. Alimshika mkono, wakagandamiza pamoja mara moja, halafu akamwachia. Msichana akagandamiza peke yake. Sega lilitoka upande mmoja limekolea, upande mwingine limefifia. Aliliangalia, akasema anaomba karatasi nyingine.