Mkono wa Yosefu

Kigango chetu cha Nunguni kina msimamizi wake, Mtakatifu Yosefu, na sanamu yake haikai kanisani mwaka mzima. Hutembea. Kila familia ya jumuiya hukaa nayo siku tisa za novena. Akina mama huja jioni ya kwanza kuileta, na jioni ya tisa huja kusali litania na kuibeba kwa nyimbo hadi boma linalofuata. Mama yangu alirukwa kila mwaka, kwa sababu baba alikuwa Mprotestanti, tena mzee wa kanisa lake, na alishasema neno lake: "Hiyo kitu haiingii kwa nyumba yangu."

Mwaka niliomaliza shule ya upili, mama alimwambia kwamba safari hii zamu yake hairukwi. Kama nyumba ni ya baba, jikoni ni kwake mama, na Yosefu angekaa jikoni. Baba akafikiri, akasema moshi wa jikoni ungeharibu rangi. Heri akae karakana.

Baba alikuwa seremala. Basi Mtakatifu Yosefu akawekwa kati ya milango miwili isiyo na bawaba na kitanda cha mteja, akina mama wakasali wakikanyaga maranda. Baba alitoka akaenda kuwapa ng'ombe majani, ingawa ng'ombe walikuwa wameshiba.

Mimi nilipewa kazi ya kumpangusa mtakatifu vumbi kila asubuhi. Sikuipenda hata kidogo. Nilikuwa nangojea barua ya chuo, kila kitu kikiniudhi, na kupangusa sanamu ndani ya karakana ni kutwanga maji kwenye kinu. Siku ya saba nilimvuta kwa hasira nimgeuze, na mkono wake wa kushoto, ulioshika ua, ukagonga kona ya meza ya kazi. Ulipofika sakafuni ulikuwa unga wa plasta.

Mama alikuja akatazama. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kofi. Alikaa juu ya gogo akasema, "Watasema hii ni boma ya wasioamini. Hawatanipatia yeye tena." Miaka yote aliyongojea, nami nimeimaliza kwa kitambaa cha vumbi.

Baba alipoingia nilijua atasema kwamba alituonya. Badala yake alichutama, akausugua ule unga kati ya vidole. "Hakuna hata waya ndani," akasema. "Nani alifanya hii kazi?" Alikasirika kwelikweli, vile alivyokasirika akionyeshwa mlango uliopinda. Kisha akapekua mabaki ya mbao mpaka akapata kipande cha jakaranda.

Kitanda cha mteja kilingoja siku mbili. Mama alisali novena ya siku ya nane mbele ya mtakatifu mwenye mkono mmoja, huku baba akichonga pembeni bila kunyanyua uso. Safari hii hakwenda kwa ng'ombe. Aliukunja mkono wake mwenyewe wa kushoto mezani, akautazama, akachonga alichokiona.

Ua hakulirudisha. "Fundi hashikangi maua," alisema, na mahali pake akapachika kipande cha penseli yake nyekundu. Mama aliivumilia penseli. Halafu akasogea karibu.

"Mzee, hii kidole ya mwisho ni fupi."

Msumeno ulikuwa umemkata baba ncha ya kidole hicho kabla sijazaliwa.

"Si alikuwa fundi?" baba akasema, akipuliza maranda. "Umewahi ona fundi ako na vidole zote?"

Jioni ya tisa wakaja. Mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja asiyecheka ovyo, aliupapasa ule mkono, akafika kwenye penseli, akafika kwenye kidole. Mama alikuwa ameisokota leso yake ikawa kamba. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

"Sasa anakaa kama mtu wa kazi," mwenyekiti akasema, akaanzisha litania.

Baba alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Hakuvua kofia, asije mtu akadhani anasali. Tangu mwaka huo mama hakurukwa tena, na Yosefu alikuja kila mara karakana, kwa sababu baba hakubadilisha neno lake kuhusu nyumba.

Mwaka jana baba alifariki. Alikuwa ameomba azikwe na kanisa lake, bila rozari wala sala za watakatifu, na mama akatii. Pale kaburini aliuma midomo asije akatokwa na Salamu Maria. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Zamu yake ilipofika mwezi uliopita, nilitoka mjini Wote nikaja kumsaidia. Sasa nyumba ni yake, nami nilikuwa nimetandika meza sebuleni. Aliipita, akafungua karakana.

Akina mama walisali, wakamwomba Yosefu awajalie kifo chema, wakaenda zao. Mama alibaki amesimama mbele ya sanamu, ameshika kile kidole kifupi. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kumhofia, na mimi nikiogopa huwa nachokoza.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba, "unaomba Yosefu ama unaomba baba?"

"Baba yako alikataa mambo ya kuombewa," alisema bila kugeuka. "Siombi. Nimemshika tu mkono."