Mzee Gwakisa, Mkwewe na Mpira wa Mkojo

Mzee Gwakisa alirudi kutoka hospitali ya misheni siku ya Jumanne, amekaa mbele kwenye lori la mahindi, ubavuni mwa dereva, na kwenye magoti yake amebana kikapu cha ukindu. Sisi majirani tulikuwa tumejipanga barabarani kumpokea. Mama Aida, mwanamke mwenye adabu zake, akawahi mbele kama desturi inavyotaka msafiri apokewe mzigo, akashika mkono wa kikapu.

"Acha!" Mzee akapiga ukelele uliowarusha kuku wote. "Ukivuta hicho umenivuta mimi!"

Mama Aida akaachia. Ndipo tukaona mpira mwembamba ukitoka ndani ya kikapu, ukapita juu ya goti la Mzee na kupotelea ndani ya shuka aliyojifunga. Mle kikapuni mlikuwa na mfuko wa plastiki, na mfukoni mlikuwa na mkojo wa Balozi wetu wa nyumba kumi.

Tezi dume lilikuwa limemfunga njia. Madaktari walimpasua, wakaliondoa, wakamwekea mpira ule umtoe maji wakati kidonda kinapona. Ulikuwa wa kukaa siku kumi na mbili zaidi, kisha arudi wautoe. Pamoja na mpira alipewa bomba kubwa la sindano, pakiti ya chumvi, na karatasi ya maelekezo: anywe maji mengi, mfuko ukae chini ya kiuno, na mpira ukiziba usafishwe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Karatasi ilimalizia kwa kusema kazi hiyo ifanywe na mtu aliyefundishwa.

Kijijini kwetu, Mbebe, mwaka ule wa 1975, mtu aliyefundishwa alikuwa mmoja tu. Jina lake Sekela. Serikali ya kijiji ilikuwa imempeleka miezi mitatu kusomea uhudumu wa afya, akarudi na sanduku la dawa lenye kufuli. Na Sekela alikuwa mke wa Watson, mtoto wa kwanza wa Mzee Gwakisa, aliyekuwa Tunduma akifanya kazi ya reli.

Asiyetoka milima hii atauliza, basi shida iko wapi? Shida ni kwamba kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani. Hawasalimiani, hawakai chumba kimoja, hawapiti njia moja. Mwanamke akimwona mkwewe anakuja, anaingia kwenye mahindi hadi apite. Jina la mkwe hatamki hata akiwa peke yake. Katika daftari lake la wagonjwa Sekela aliandika "mgonjwa wa nyumba ya tatu."

Zamani mila hiyo ilikuwa na nafasi ya kupumua. Watu waliishi mbalimbali, kila boma na vichochoro vyake. Halafu ikaja Operesheni Vijiji, tukapanga nyumba kwa kamba, mstari ulionyooka, mlango ukitazama mlango. Mimi mwenyewe, niliyekuwa nimetoka chuo cha ualimu na moto wangu wote, nilishika ncha moja ya kamba ile na kuimba. Naamini hata leo kwamba watu wakikaa pamoja watapata maji, shule na zahanati. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka wakwe. Mlango wa Sekela ukaangukia usoni pa mlango wa Mzee Gwakisa, hatua ishirini na mbili. Tangu siku hiyo binti huyo alikuwa akitoka kwake kwa kuchungulia kwanza, kama mwizi wa kuku, na Mzee naye alikuwa akikohoa mara tatu kabla ya kufungua mlango.

Na hakuna aliyeishika mila ile kuliko Mzee Gwakisa. Mwaka uliotangulia alikaa na wazee wenzake wakamtoza Mzee Ezron kondoo, kwa sababu Ezron alimwambia mke wa mwanawe darajani, "Angalia, kuna nyoka." Ezron alijitetea kwamba nyoka alikuwepo kweli. Gwakisa akamjibu kwamba nyoka hana habari na mila, bali mtu anazo.

Basi matibabu yakaanza hivi. Sekela anasimama nje, nyuma ya ukuta wa chumba cha mgonjwa. Mgonjwa yuko ndani kitandani. Katikati, mlangoni, ameketi Bibi Enesi, mke wa Mzee, akipokea maneno huku na kuyapeleka kule. Ukuta ulikuwa wa fito na udongo, wenye nyufa, na kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri kabisa.

"Mama," Sekela anauambia ukuta, "mwulize mgonjwa mkojo una rangi gani."

"Anauliza mkojo una rangi gani," anasema Bibi Enesi.

"Nimesikia. Mwambie kama chai."

"Anasema kama chai."

"Mwulize, chai kavu au ya maziwa?"

"Anauliza chai kavu au..."

"Mwambie kwani hapa ni hotelini?"

Siku ya pili mfuko haukuingia kitu kwa muda mrefu, mpaka Sekela alipouliza umewekwa wapi. Ukagundulika umetundikwa kwenye msumari ukutani, juu ya kichwa cha mgonjwa, pamoja na kofia yake.

"Mama, mwambie ukae chini. Chini ya kiuno. Mkojo haupandi mlima."

"Mwambie mimi ni Balozi," Mzee akanguruma. "Vitu vyangu havikai sakafuni na kuku."

Vikakaa sakafuni. Kuku wakafukuzwa.

Mimi nilikuwa jirani wa nyumba ya nne, na kila jioni nilipita kumjulia hali. Siku ya Alhamisi sikuvumilia. Nilimwambia: "Ndugu Balozi, mhudumu wako wa afya yuko nyuma ya ukuta, hatua mbili. Tumemwondoa Mwingereza nchini, tunashindwa kuuondoa ukuta huu? Mila inayomtesa mgonjwa si mila, ni mzigo. Taifa linajenga..."

"Mwalimu," akanikata, "mkeo anaitwa nani?"

"Sijaoa bado."

"Ukishaoa, na mwanao akishaoa, njoo uniambie habari za mkwe. Na mimi si ndugu yako, nina umri wa baba yako. Nisogezee hicho kikapu, polepole."

Nikakisogeza polepole.

Mambo yakaharibika Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, udongo ukateremka na kufunika barabara, na hata lori la mahindi halikuonekana. Asubuhi mfuko ulikuwa na mkojo mwekundu kidogo. Kufikia saa nne ulikuwa na kiasi kilekile. Mzee, aliyekwisha kuwa mtiifu kwa maagizo ya ukuta, akafikiri dawa ni maji, akanywa vikombe vitano. Saa sita nilipoitwa, tumbo lake chini ya kitovu lilikuwa limevimba na kukaza kama ngozi ya ngoma, na jasho lilikuwa likimtiririka mashavuni.

"Mama," sauti ya Sekela ilisikika nje, "asinywe tena hata tone! Damu imeganda ndani ya mpira. Chukua bomba, vuta maji ya chumvi, uchomoe mpira kwenye mfuko, uyasukume maji polepole, kisha uvute."

Bibi Enesi alichukua bomba. Alikuwa mwanamke hodari, aliyezaa watoto tisa na kuwafukuza nguruwe mwitu kwa mchi, lakini macho yake yalikuwa na ukungu. Akasukuma. Maji yakaruka pembeni yakalowesha kalenda ya ushirika, kuanzia Januari mpaka Aprili.

"Mpe Mwalimu," akasema Mzee kwa meno yaliyofungwa.

Nililishika bomba. Mimi ndiye niliyewahubiria wanakijiji darasani kwamba woga ni mabaki ya ukoloni. Nikainama, nikautazama mpira mahali unapoingia. Nilijikuta nimeketi sakafuni, Bibi Enesi akinipepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Sasa wagonjwa wawili," akasema.

Mzee akatoa mguno ambao sijausikia tena kwa binadamu.

"Mama," Sekela akasema, na sasa sauti yake haikuwa ya kuuliza, "mwambie mgonjwa nikiingia mimi ni kazi ya dakika chache."

"Anasema akiingia yeye..."

"Mwambie nitakufa kwanza!"

"Anasema atakufa kwanza."

"Mwambie hilo nalo haliko mbali. Kibofu kikipasuka hatufiki naye hata mtoni."

Bibi Enesi alifungua mdomo kuyapeleka maneno hayo, akashindwa. Akaweka mkono kwenye paji la mume wake. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Hadi wakati ule tulikuwa tukicheka kimoyomoyo, na mara nikaona kwamba mtu huyu atakufa mchana kweupe, daktari wake akiwa nyuma ya udongo wa unene wa kiganja.

Mlangoni kukatokea kivuli. Alikuwa Mzee Ezron, amekuja kuona hali, maana kelele zilikuwa zimefika kwake. Aliusikiliza mguno mmoja, akautazama mpira, akamtazama mwenzake.

"Gwakisa."

"Ondoka, Ezron. Sina nguvu za kugombana."

"Sijaja kugombana. Mimi nilimwambia mkwe neno moja, nyoka, ukanila kondoo. Nami sikujuta, kwa sababu yule binti yu hai mpaka leo. Sasa nyoka wako wewe hayuko hata darajani. Umemfunga mwenyewe pajani, na anakuuma."

"Ezron, naumwa!"

"Najua. Ndiyo maana nakuambia. Sisi tunaosema mila ni yetu tumebaki watatu wanne tu, na wewe ukifa leo tutabaki na mmoja pungufu. Mila itashikwa na nani, na huyu?" Akaninyooshea kidole mimi, niliyekuwa bado sakafuni.

Mzee Gwakisa alifumba macho. Nilidhani amezimia, kumbe alikuwa akiendesha baraza kichwani mwake. Midomo ilicheza. Halafu akafumbua jicho moja.

"Ezron. Mila inasema nini hasa?"

"Mkwe asiuone uso wako, wala wewe usiuone wake."

"Uso."

"Uso, ndiyo."

"Iliwahi kusema lolote kuhusu mpira?"

Ezron akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Kwa kumbukumbu zangu, hapana. Mipira haikuwepo."

"Enesi," akasema Mzee, "leta gunia."

Bibi Enesi akaleta gunia la kahawa, jipya, lenye maandishi ya kijani ya chama cha ushirika. Mzee akalivaa kichwani mwenyewe, akalivuta mpaka mabegani, akalala chali. Kutoka ndani ikaja sauti ya mtu aliye kisimani: "Mwambieni aingie. Mimi simo humu."

Sekela aliingia kinyumenyume, kanga ameivuta mpaka kwenye nyusi, sanduku lake kwapani. Ezron aligeuka akautazama ukuta. Nami nikageuka, kwa sababu zangu mwenyewe. Niliyasikia maji yakimwagwa kwenye beseni, mikono ikinawishwa kwa sabuni bila haraka, kufuli la sanduku likifunguka. Kisha Mzee akavuta pumzi kwa nguvu, gunia likamwingia mdomoni akalitema.

"Mama, mwambie alegeze miguu."

"Legeza miguu."

"Imelegea!"

"Mama, mwambie haijalegea."

Bomba likasukumwa, likavutwa. Likasukumwa tena. Mara ya tatu, au ya nne, nikasikia kitu kikidondoka kwenye beseni, na baada yake mlio ambao sisi watu wa milimani tunaufahamu mvua inapoanza kwenye mgomba: tone, matone, halafu mfululizo. Ulikwenda na kwenda. Ezron, uso kwa ukuta, akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini kama anayepima mahindi, akafika arobaini, akaacha.

Hapo nikathubutu kugeuka, nikaona tumbo la Mzee Gwakisa likishuka. Vidole vyake vilivyokuwa vimeshika ukingo wa kitanda vikafunguka kimoja kimoja. Na kutoka ndani ya gunia, kabla hajakumbuka yeye ni nani, ikatoka sauti ndogo:

"Asante, mwanangu."

Kumwona mkwe ni kosa. Kusema naye moja kwa moja ni kosa zaidi, na hilo ndilo kosa la Ezron darajani. Ezron hakugeuka, lakini niliyaona masikio yake yakisimama. Sekela alibaki amekishika kitambaa hewani. Akamtazama Bibi Enesi, akingoja neno limfikie kwa njia yake ya kawaida.

Bibi Enesi akakaa chini kwenye kigoda, akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

"Umesikia mwenyewe," akamwambia. "Mdomo wangu umechoka kubeba maneno yenu. Mjibu."

Sekela alikuwa ameolewa katika nyumba ile miaka minne, na miaka yote hiyo sauti yake haikuwahi kuelekezwa upande ule. Akaielekeza, taratibu, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja.

"Karibu, baba. Usisogee, namalizia kuufunga."

"Sisogei," likajibu gunia la kahawa.