Mguu Uliokosa pa Kukanyaga

Walinialika wenyewe. Ninalisema hilo mapema kwa sababu mpaka leo wapo wanaodai kwamba nilivamia sherehe ya watu. Dada mkubwa wa marehemu mwandishi alikuja kwangu huku Annexe, pembezoni mwa mji, akakaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu, akaniomba nihudhurie kufunuliwa kwa sanamu ya mdogo wake. Alikuwa anatafuta mtu wa ukoo wa Chui. Wao ni ukoo wa Mbuzi, na kwetu Chui na Mbuzi ni watani, banungwe, tangu enzi za mababu. Mbuzi akifa, Chui ndiye anayemzika, na anaweza kuitukana maiti mbele ya mjane bila mtu kununa. Akiziba njia ya jeneza, jeneza linasubiri. Akichukua kitu cha Mbuzi, haitwi mwizi. Mdogo wake alizikwa Ulaya bila mtani hata mmoja kando ya kaburi, na dada aliona haifai sanamu nayo isimame hivyo hivyo.

Alidhani anaalika mtu wa kuchekesha wageni. Akatoa simu anionyeshe picha ya sanamu ikiwa bado kwenye karakana ya wafua shaba. Mwandishi amekaa kitini, kitabu mapajani. Msichana amesimama kulia kwake, samaki anaruka begani. Na mbele, chini kabisa, amechuchumaa kikongwe mwenye pua ya kunguru na kikapu mkononi, na mguu wa mwandishi umetulia mgongoni mwake kama mtu aliyepata kigoda.

Dada akacheka. "Ona, hata kale kamulozi kenye kuuzisha samaki kako."

Mulozi kwetu ni mchawi. Nikamwambia nitakuja, tena nitafika wa kwanza.

Huyo kikongwe ni mama yangu.

Mama alikuwa akiletewa samaki wakavu kutoka Pweto, kwao alikozaliwa, na kuwachambua mchana katika lupango hili hili ninaloishi mpaka leo, yaani ua tuliopanga pamoja na familia ya mwandishi. Kuchambua samaki ni kazi ya kuchosha mtoto: unawageuza, unafukuza nzi na paka, unageuza tena. Ili tusikimbie, mama alitutungia hadithi. Hazikuwa za mababu. Alizitoa kichwani mwake, huku mikono ikiendelea na kazi. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya samaki mkavu aliyemwomba msichana maji, na msichana alipompa, akampeleka kwenye mji ulio chini ya ziwa, ambako watu hawaruhusiwi kusema neno isipokuwa wana kiu. Mvulana wa Mbuzi hakuwa akigeuza samaki. Alikuwa anakaa juu ya gunia, mdomo wazi, akiuliza halafu ikawaje. Mama alimwacha, kwa sababu mtani hafukuzwi. Dada yake alikuwa hapo pia, na vidole vyake vilinuka samaki kama vyangu.

Mvulana alisoma, akaenda Ulaya, akawa mwandishi wa watoto. Mimi nikawa mwalimu wa shule ya msingi, na ndivyo kitabu kilivyonikuta: kililetwa darasani kwangu, kimefungwa vizuri, chenye picha. Nilikifungua mbele ya wanafunzi na kumkuta samaki akiomba maji. Nikamkuta msichana, nikaukuta na mji chini ya ziwa. Kitu kimoja tu alikiongeza kwa akili yake mwenyewe: mchawi, bibi kizee muuza samaki, anayechechemea mguu wa kushoto, aliyekosa meno mawili ya mbele, anayekausha watoto juani pamoja na samaki wake. Mama yangu alichechemea mguu wa kushoto. Alikosa meno mawili ya mbele.

Redioni alisema hadithi ile ilimjia akiwa peke yake, siku ya mvua, ugenini.

Nilimtafsiria mama kitabu chote, kwa maana kiliandikwa kwa Kifaransa. Tulipofika kwenye samaki alicheka, akasema huyu mtoto ana masikio kweli. Kwenye bibi kizee aliacha kucheka. Mwisho akaniuliza kama ndiye yeye anayesemwa. "Huyu njo miye?" Nikafunga kitabu, naye hakurudia kuuliza.

Asiyeishi katika mji wetu anaweza kudhani neno mulozi ni neno la vitabuni. Kwetu neno hilo linavunja nyumba. Watoto waliokisoma kitabu shuleni walianza kumkimbia mama getini. Wakubwa wakaacha kununua samaki wake, kwanza kwa mzaha, baadaye bila mzaha. Jirani wa lupango la pembeni alipofiwa na mtoto, alikuja kusimama mbele ya mlango wetu na kumtazama mama mpaka jua lilipozama. Mama hakutoka tena na kikapu. Alikufa akiitwa mulozi, na waliomzika walikuwa wachache, tena walikuwa na haraka. Kuna watu husema muda unapoza. Mimi haukunipoza hata kidogo. Nilimchukia yule mtu akiwa hai, na alipokufa nilikasirika kwamba ameniponyoka.

Kumbe hakuniponyoka. Dada yake aliniletea hadi mlangoni.

Siku yenyewe, bustani ya komini, yaani manispaa, ilijaa. Watoto wa shule walikuja na sare, mkuu wa komini na kofia yake, televisheni na kamera. Sanamu ilikuwa imefunikwa kitambaa cha buluu. Nilifika mapema kama nilivyoahidi, nikiwa nimevaa kikwembe cha mama, kitenge chake cha zamani, nikapanda kwenye jukwaa la saruji na kukaa juu ya kamba ya kile kitambaa. Waliponiona, wazee wa ukoo wa Mbuzi walipiga makofi kwa furaha. Utani ulikuwa umeanza.

Nikaletewa bia, nikakataa. Nikaletewa kitenge kipya, nikakataa. Watu walikuwa wanacheka, wakingoja niseme ninachotaka. Nikamwangalia dada peke yake.

"Miye shitoke hapa," nikasema. "Useme mbele ya bantu: ile hadisi ilikuya ya nani, na ule mama wa samaki alikuya mulozi ao hapana."

Nilimwona akielewa. Kicheko kilimganda usoni, akatazama kamera, akatazama mkuu wa komini. Kisha akachukua kipaza sauti. "Munungwe wetu iko na njala," akasema. "Mumupatie kuku."

Bustani nzima ikaangua kicheko. Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Mtani anaruhusiwa kusema lolote, na kwa hiyo lolote analosema ni utani. Nilirudia kwa Kifaransa, kwamba aseme hadithi ilikuwa ya nani na kama mama wa samaki alikuwa mchawi, wakacheka zaidi. Niliita wizi kwa jina lake, na mzee mmoja alijifuta machozi ya kicheko, akasema siku hizi watani wa kweli wamebaki wachache. Niliwachukia wote, hata watoto.

Lakini haki ya mtani ina milango miwili, kusema na kuchukua, na dada alikuwa amefunga mmoja tu. Nikasimama, nikaiachia kamba. Kitambaa kikaanguka, watu wakashangilia. Nikashuka, nikaweka mkono juu ya kichwa cha yule kikongwe wa shaba.

"Huyu minamubeba," nikasema. "Iko wa kwetu."

Dada alipumua kama mtu aliyesamehewa. Aliona ameponea chupuchupu: nimeomba shaba, nimeacha maneno. Mbele ya ukoo wake asingeweza kunikatalia, na sidhani hata alitaka. Akawapa ishara mafundi waliosimamisha sanamu. Kikongwe alikuwa ametengenezwa peke yake na kufungwa kwa bolti, wakamfungua huku wanafunzi wangu wakiimba. Dereva wa teksi alikataa kumtia kwenye buti, akasema huyu ni mtu mzima. Kikongwe akaketi nami kiti cha nyuma.

Nilimweka uani, karibu na mlango, nikamfunga kikwembe cha mama kiunoni. Hafanani naye. Pua ile ni ya mtu mwingine kabisa. Lakini amekaa mlangoni kwangu kama mama mwenye nyumba, wala hakuna anayemkanyaga.

Kule bustanini mambo yakaanza kuharibika polepole. Mguu wa mwandishi ulibaki unaning'inia hewani, kama mtu aliyekosea ngazi, na chini yake matundu ya bolti. Kila anayepita huuliza kulikuwa na nini pale. Walimu wenzangu hupeleka wanafunzi, na wanafunzi huuliza. Wapiga picha wa bustanini huulizwa kutwa, nao hujibu: alikuwepo mama mmoja, watoto wake walikuja kumchukua. Halafu huulizwa kwa nini, na hapo hunielekeza mimi. Nami huwaeleza wote, kuanzia gunia la samaki. Sasa hakuna kipaza sauti, hakuna sherehe, na hakuna anayecheka.

Juzi dada alikuja tena. Safari hii hakuomba chai. Akasema nimrudishe yule kikongwe, mdogo wake amekuwa kichekesho, anaonekana kama anaanguka. Nikamwambia mtani harudishi, lakini yeye anaweza kumwomba mwenyewe aliyekaa pale mlangoni, na anajua aanzie wapi.

Alisimama mbele ya shaba. Aliangalia kikwembe, akakitambua. Akainama mpaka usawa wa uso wa shaba, na nilifurahi kumwona akiinama.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini. "Ile hadisi ilikuya yako. Na hata siku moja haukukuya mulozi."

Nikaenda kufungua geti wazi kabisa, mpaka barabara yote ikaonekana.

"Sema na nguvu, yaya," nikamwambia, nikimwita dada kama utotoni. "Ku lupango ya pembeni habasikie."