Tundu la Cherehani ya Mama

Mume wangu ni fundi wa vyuma, na mtaani wanamwita Polepole. Ukimpa bolti, ataigeuza, ataitazama, ataiweka mezani, ndipo akumbuke kutafuta spana. Wateja humsonya, lakini kazi yake hairudi. Miaka kumi na tisa nimemsikia akiwaambia mafundi wenzake, "Pima kwanza. Chuma hakina msamaha."

Basi huyohuyo, Jumatatu, ndiye aliyeharibu cherehani niliyoachiwa na marehemu mama, ninayoshonea mpaka leo. Bolti inayoshika kichwa chake ilikuwa imepotea. Akaokota nyingine kwenye kopo lake la bolti, ya milimita, akailazimisha kwenye tundu la inchi. Kwa macho zinafanana, ila meno hayapatani. Aliikaza hivyohivyo, na meno ya ndani ya tundu yakasagika yakawa unga. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini si lazima ajikate.

Niliifunika cherehani kwa kitambaa, naye chakula kikamshinda.

"Si utoboe tundu kubwa, utie bolti nene, yaishe?" nilimwambia kesho yake.

"Hapana, mama watoto. Sikio hili lenye tundu ni jembamba, na chuma chenyewe ni cha kumimina. Nikilipanua sana litapasuka, na likipasuka ndiyo basi tena."

Alitaka kulipanua kidogo tu, akate meno mapya, kisha aviringishe ndani yake springi nyembamba ya waya, ili bolti ya kipimo kilekile cha zamani iingie. Kazi hiyo inataka tepu yake maalumu, kile chombo cha kukatia meno ndani ya tundu, tena ya inchi. Alizunguka madukani siku mbili. Muuza spea mmoja alimpa ya milimita, akaapa hakuna tofauti. Polepole akaipima, akamrudishia. Aliponisimulia, nilikwenda kuchekea jikoni. Alhamisi akaipata kwa fundi mmoja wa mashine za kuchapia, pamoja na springi na bolti yake.

Ijumaa asubuhi akapiga magoti sebuleni. Mimi nilishika brashi, nikifagia unga wa chuma. Tepu ilikwenda nusu mzunguko, ikarudi robo, ikaenda tena. Mara ikalia. Akaacha, jasho likimtoka.

"Likipasuka?" akaniuliza, kana kwamba fundi ni mimi.

"Likipasuka, limepasuka," nikasema, roho mkononi.

Halikupasuka. Springi ikaingia, bolti ikakaa. Yeye hakuinuka.

"Nisamehe, mke wangu. Ndicho kitu pekee ulichobaki nacho cha mama yako, nami nikakiendea kwa pupa."

Tangu anioe hakuwahi kuniomba radhi kwa maneno.

"Nimekusikia," nikasema, nikatunga uzi, nikashona mstari mmoja mpaka mwisho wa kitambaa. Sikumwambia kwamba nilimsamehe tangu Jumatano, aliporudi mikono mitupu, viatu vyeupe kwa vumbi. Nampenda mume wangu, na kumwona anavyohangaika kwa ajili yangu kulikuwa kutamu mno, nikaona nisiikatize raha hiyo mapema.