Upepo Katika Oveni ya Bibie

Bibie alizaliwa Miyomboni, mjini Iringa, akaolewa Mbeya, na katika miji yote miwili watu walimjua kwa mkate. Aliuoka kama mama yake alivyouoka: sufuria juu ya mkaa, mfuniko wa bati, na makaa mengine juu ya mfuniko. Moto juu, moto chini. Kabla ya kuanza alifunga dirisha na kuziba mwanya wa mlango kwa gunia, maana upepo wa Mbeya mwezi wa Julai hauna huruma, na donge la unga likipigwa na upepo haliumuki. Hilo alilishika tangu akiwa na miaka tisa.

Kwa njia hiyo alipata mikate mitatu kwa mara moja, ikawatosha majirani. Lakini mwaka 1976 Bwana Jailos, mwenye hoteli ya chai karibu na stendi, alimwambia kwamba akiweza kumletea mikate ishirini na minne kila siku kabla ya saa moja asubuhi, ataachana na ile inayoletwa na basi ikiwa imelala.

"Niletee ya kujaribu Ijumaa," alisema. "Nikikata katikati nikakuta mbichi, dada yangu, basi tutabaki kusalimiana tu njiani."

Mumewe, Makame, baba wa mwanawe Muharami na dereva wa lori la mbao, akanunua oveni ya umeme kwa mhandisi mgeni aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao. Ilikuwa na mlango wa kioo, kitufe cha kuchagulia joto na swichi tatu. Ya kwanza iliwasha moto wa juu, ya pili moto wa chini, ya tatu feni ndogo iliyofichwa ukuta wa nyuma.

"Feni ya nini ndani ya jiko?" Bibie aliuliza.

"Ya kulipoza, nadhani. Ukishamaliza."

Jibu likamridhisha. Jumanne aliwasha juu, akawasha chini, feni akaiacha. Akaingiza masinia mawili mapana, moja kila ngazi, yakagusa kuta pande zote. Kila baada ya dakika tano alifungua mlango kutazama, kama alivyozoea kufunua sufuria. Mikate ya juu ikaungua mgongo, ya chini ikaungua tumbo, na yote katikati ikabaki uji.

Jirani yake, Mama Asukile, aliunyanyua mmoja akaupima uzito mkononi.

"Mwee! Mama Muharami, hata sisi Wanyakyusa tunachoma matofali, ila hatuyatii hamira."

"Cheka tu. Nyinyi mkate mmeujulia wapi? Ndizi zimewajaa mpaka masikioni."

"Ndizi hazijawahi kuniaibisha, wifi."

Walicheka wote. Jirani alipoondoka, Bibie alifunua debe la unga. Unga wa ngano ulikuwa umeadimika madukani wiki ya tatu sasa. Uliobaki ulitosha mikate kumi na miwili na kidonge kimoja cha kujaribia. Akiharibu tena, Ijumaa ingemkuta mikono mitupu.

Jumatano jioni Makame alirudi kutoka Mafinga. Alichovya gamba lililoungua kwenye chai, akala bila kulalamika, akasikiliza habari yote.

"Hayo masinia umeyabananisha kama mbao mbichi," alisema.

"Mbao zimeingiaje hapa, Baba Muharami?"

"Mbao mbichi hazipangwi zikigusana. Kila safu wanalaza vijiti, upepo upite. Ukizibananisha, za nje zinakauka mpaka zinapasuka, za ndani zinaota ukungu."

"Mbao zinataka upepo. Mkate hautaki."

"Wa baridi hautaki. Wa moto umeshawahi kuujaribu?"

Bibie akaendelea kukusanya vikombe.

Asubuhi yake alifunga nyuzi nyekundu za kushonea kwenye ngazi zote mbili, akawasha moto pamoja na feni, akachuchumaa mbele ya kioo. Nyuzi ziliinuka zikacheza, za juu na za chini sawasawa. Akazima, akaingiza sinia kwenye ngazi ya juu, akawasha tena. Za chini zikalegea zikaning'inia. Alirudia mara mbili ili awe na hakika.

Kidonge cha kujaribia alikioka kwa digrii mia mbili. Upepo wa moto ulikibabua nje kabla hakijaiva ndani. Akaamua kushuka hadi mia na themanini, kisha akaenda sokoni kwa fundi bati Liberatus, akarudi na mikebe kumi na miwili myembamba ya kuokea, mmoja kwa kila mkate, ili upepo upite katikati.

Ijumaa aliamka alfajiri, akafunga dirisha kama kawaida wakati donge likiumuka. Oveni aliiwasha tupu, pamoja na feni, dakika ishirini kabla. Alipanga mikebe sita kila ngazi, vidole viwili kati ya mkebe na mkebe, viwili kutoka ukutani. Halafu ikaja kazi ngumu kuliko zote, ya kutofungua. Alikaa juu ya mikono yake akatazama kioo. Mara moja tu, muda ulipopita nusu, alifungua upesi, akaibadilisha ya mbele ikaenda nyuma, akafunga.

Hotelini, Jailos hakuupokea mkate aliopewa. Aliingiza mkono kapuni mwenyewe, akatoa wa chini kabisa, akaukata katikati mbele ya wateja. Alibonyeza kwa kidole, mkate ukainuka tena. Akala kipande, akala cha pili.

"Huu mwingine mbona umepauka?"

"Ulikaa sana mlangoni. Kesho nitaugeuza mapema."

"Kesho? Nani kakwambia kesho?"

"Nusu mkate umeshaumaliza, Bwana Jailos."

Wateja kwenye mabenchi wakacheka. Jailos alifuta kisu.

"Ishirini na minne. Kabla ya saa moja."

"Dazeni saa kumi na mbili, dazeni saa moja kasorobo. Oveni yangu haitanuki. Ila sina unga."

"Hoteli ina mgao wake wa unga. Upo nyuma ya kaunta."

Bibie akazunguka kaunta, akakaza khanga kiunoni, akashika pembe mbili za gunia, akamngoja Jailos ashike upande wa pili.