Mfungo wa Mama Namba

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho alichokibana kifuani, lakini wagonjwa walimwita Mama Namba, tena kwa kunong'ona, maana nani angethubutu kumwita hivyo usoni. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya kisukari katika kituo cha afya cha serikali, chumba cha mwisho upande wa nyuma, ambacho kabla hajakidai kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Vitanda alivitoa yeye, chokaa ukutani akapaka yeye, na mabenchi mawili akayaomba kutoka shule iliyofungwa. Watu wa namna hiyo ni wachache, na wengi wao ni wakali. Huyu alikuwa mkali kama pilipili.

Ukali wake haukutoka hewani. Mama yake mzazi alikufa kwa sukari, ikaanza kidole cha mguu, ikafuata mguu, yakafuata macho, na kwa miaka yote ile hakuna daktari wala mtoto aliyemwambia neno gumu. Walimbembeleza mpaka kaburini. Binti akaapa kwamba yeye hatambembeleza mtu, na alipopewa kliniki jambo la kwanza alilofanya ni kutundika ubao.

Jumatano ya kwanza ya kila mwezi alitoboa vidole vya watu arobaini na ushei, na namba ya sukari ya kila mmoja akaiandika ubaoni kwa chaki, mbele ya wote. Saba kushuka chini walikaa upande wa kulia. Zaidi ya saba, kushoto. Wa kulia walipigiwa makofi na kuhudumiwa kwanza. Wa kushoto walikalishwa benchi la nyuma kungojea somo, na somo la Mama Namba liliweza kumliza mtu mzima mwenye wajukuu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alikuwa akiwaambia, na kwa mgonjwa wa kisukari maneno hayo si utani hata kidogo.

Mwaka wa kwanza upande wa kushoto ulifurika. Mwaka wa pili ukapungua, na kufikia mwaka wa nne walikuwa wanabaki watatu wanne tu, wengi wao wageni ambao hawajajua mambo yanavyokwenda. Mama Namba aliamini hiyo ni kazi ya mikono yake. Kila mwisho wa mwezi alipeleka ripoti wilayani, imeandikwa kwa mwandiko ulionyooka, na alitembea kutoka posta kama mtu aliyetoka kumwoza binti.

Kitu kimoja tu kilimkera. Vidonge vilivyoletwa na serikali vilitosha wiki mbili kati ya nne, na wagonjwa wake si watu wa kununua dawa dukani. Akaandika barua ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Jibu lilipokuja lilisema kwamba kituo chake kinaongoza wilaya nzima kwa matokeo, na kwa hiyo mgao uliopo unaonekana kukidhi mahitaji. Aliisoma mara mbili. Alikasirika, na tuseme ukweli, alivimba kichwa pia. Wiki hiyohiyo akapigiwa simu: mganga mkuu wa wilaya atakuja Jumatano ya kliniki mwezi ujao kuuona ule ubao kwa macho yake, kwa sababu anataka uwekwe katika vituo vyote ishirini na viwili.

Kwa hiyo Mama Namba alikuwa na furaha, siku ile alipomtoboa kidole fundi cherehani.

Fundi alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mpole, kola yake imejaa pini, na kwa miaka minne hakuwahi kukaa kushoto. Siku hiyo alipata tano nukta nane. Watu wakapiga makofi. Alipoinuka kuifuata dawa yake, Mama Namba akasikia harufu. Alikuwa ameinusa harufu hiyo nyumbani kwao akiwa msichana, na hakuwa na haja ya kuuliza ni ya nini. Akamshika mkono, akamwingiza katika kile kijichumba cha kupimia uzito, akafunga mlango.

"Vua kiatu, Fundi."

"Kimenibana tu, Sista. Si kitu."

"Vua."

Soksi ilikuwa imegandia. Chini ya unyayo palikuwa na kidonda kikubwa kuliko kifungo cha koti, kingo zake nyeusi, na weusi ulishaanza kupanda. Fundi alieleza kwamba sindano ya cherehani ilidondoka sakafuni, akaikanyaga, wala hakuhisi. Mkewe ndiye aliyeiona damu kwenye mkeka. Hiyo ilikuwa miezi miwili iliyopita.

Mama Namba alikaa kwenye kigoda, mguu ule ukiwa mapajani mwake. Alikuwa amesomea kazi yake. Alijua kwamba mtu mwenye sukari ya tano kwa miaka minne hawi na mguu kama ule.

"Fundi, unakula nini?"

Fundi akatazama mlango. "Leo?"

"Leo. Jana."

"Leo sijala. Jana sikula. Tangu Jumatatu nakunywa maji." Akaona uso wake, akaongeza haraka, "Si mimi peke yangu, Sista. Sote tunafunga. Tunauita mfungo wa Mama..." akakatisha hapo.

"Na vidonge?"

"Vile vya kwanza nameza, vinakaribia kwisha katikati ya mwezi. Basi naweka akiba vinne. Viwili vya Jumatatu, viwili vya Jumanne. Ndiyo maana namba inakuja nzuri."

"Kwa nini mlinifanyia hivi?" Sauti yake ilitoka ndogo, hata yeye akaishangaa.

"Tungefanyaje? Ubao ule kila mtu anausoma. Mkwe wangu anakaa benchi hilohilo. Nikaitwe kushoto, nikagombezwe kama mtoto, mkwe ananitazama? Bora njaa."

Hapo Mama Namba alielewa yote kwa mpigo. Serikali ilikuwa inamjua kila mgonjwa wake kwa tone moja la damu kwa mwezi, na tone lenyewe lilikuwa la njaa. Nusu ya dawa ilionekana inatosha kwa sababu watu walikuwa wanajikausha ili ionekane inatosha. Na aliyewafundisha kujikausha ni nani, kama si yeye na chaki yake? Alikuwa hachoki kuwaambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kumbe yeye ndiye aliyewajengea pa kuyaficha.

Fundi alipelekwa hospitali kubwa mchana uleule. Siku ya nne Mama Namba alimfuata wodini, na tayari madaktari walikuwa wamekata shauri: mguu utaondolewa chini ya goti.

"Wameniambia nisile chochote mpaka baada ya upasuaji," fundi alimwambia. "Nikawajibu msijali, hiyo kazi nina uzoefu nayo."

Alicheka mwenyewe. Mama Namba alijaribu kucheka naye, akashindwa, akajifanya anakunja shuka.

Wiki tatu zilizobaki kabla ya ujio wa mganga mkuu aliishi nazo kwa taabu. Angeweza kunyamaza. Ubao ungesambazwa, yeye angepewa cheti, na katika vituo ishirini na viwili watu wangeanza kufunga siku mbili kabla ya kliniki, huku miguu ikioza ndani ya soksi na dawa zikipunguzwa. Akisema, atakuwa amejitangaza mwenyewe kwamba kwa miaka minne amepeleka uongo wilayani kwa mwandiko mzuri. Aliogopa. Miaka ishirini na sita ya kazi si mchezo, na jina likishachafuka halifuliki.

Jumatano ikafika. Mganga mkuu alikuja na maofisa wawili, mmoja ameshika kamera. Wagonjwa walikuwa wamejipanga kwenye mabenchi, wamevaa nguo zao nzuri, na kwa heshima ya Sista wao walikuwa wamefunga kuliko mwezi wowote. Midomo ilikuwa imewakauka. Bibi mmoja wa benchi la mbele mikono ilimtetemeka mapajani, akaibana katikati ya magoti isionekane.

Mama Namba alipewa chaki. Akaiweka mezani, akapiga moyo konde.

"Kabla hatujapima, nauliza. Nani amekula chochote tangu juzi?"

Watu wakainamisha macho.

"Sitamgombeza mtu. Nawaomba, kwa heshima yenu, semeni."

Aliyesimama ni mwalimu mstaafu wa kike, mtu ambaye hata hospitali aliongea kama yuko mbele ya darasa. "Hakuna aliyekula, Sista. Hatuli mpaka utupime. Na vidonge tulivyomeza jana na juzi ni vya akiba, maana siku nyingine hatuna."

Ofisa wa kamera akaishusha. Mganga mkuu alitabasamu, akidhani ni igizo wamemwandalia mgeni, kisha tabasamu likamwisha.

"Namba ninazokuletea ni za njaa, Daktari," Mama Namba alisema. "Na kwa namba hizo mnatuletea nusu ya dawa. Fundi wetu mmoja amekatwa mguu mwezi uliopita. Hapa ubaoni ana tano."

"Na namba zao za kweli ni zipi?"

"Sijui," alisema. "Miaka minne nawapima, na sijui."

Mganga mkuu akautazama ubao. "Unaelewa kwamba nikiandika hivi kituo chako kitashuka mpaka mkiani?"

"Andika."

Hakuandika papo hapo. Alivuta benchi, akakaa karibu na yule bibi mwenye mikono inayotetemeka, akaagiza aletewe chai na mkate, na wenzake wote pia. Kisha akamwuliza kwa mwezi anakaa siku ngapi bila kidonge. Bibi akahesabu kwa vidole, akasema, "Kumi na nne, baba. Mwezi mrefu, kumi na tano." Ndipo akafungua kalamu.

Barua ya onyo kwa muuguzi ilifika kwanza, maana barua haingojei gari. Vidonge vya wiki nne vilikuja baada ya miezi mitatu. Kipimo cha kuonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita, ambacho hakidanganywi na njaa ya siku mbili, kilichukua miezi minane, na mpaka leo wanakigawana na vituo vingine vinne. Si haba, lakini kwa mguu wa fundi yote hayo yalikuja yamechelewa. Ubao ulishushwa, na kila mgonjwa sasa anaambiwa namba yake ndani, mlango umefungwa.

Kipimo hicho kilipokwisha kufika, fundi alirudi kliniki kwa magongo, mkewe amemshika kiwiko. Siku hizo mkewe ndiye aliyekanyaga cherehani, yeye akikata vitambaa, na kwa maelezo ya mke walikuwa wanagombana kutwa nzima. Kipimo kipya kikasema kumi na moja.

"Nikakae nyuma?" fundi aliuliza.

"Kaa hapahapa."

Mama Namba alivuta kiti chake kikawa mbele ya kile cha mzee. Alikuwa amejiandalia maneno mengi tangu siku ya wodini, na yote yakampotea. Akamwambia tu kwamba anamwomba msamaha kwa ajili ya mguu wake.

Fundi hakusema amesamehe. Alipapasa gongo lake. Kisha, bila kuulizwa na bila kuutazama mlango, akamwambia kwamba jana alikula sahani mbili za wali, na leo, kabla ya kutoka nyumbani, alikunywa chai ya sukari.