Kibuyu cha Baba na Mbwa wa Mgeni

Watu wakinisikia nasema sitaki kusikia habari za mbwa hudhani nasema kwa ajili ya dini. Sivyo. Mbwa ninayemkumbuka sina ugomvi naye hata leo. Alikuwa na adabu kuliko bwana wake. Ninaowakasirikia ni watu, tena wa pande zote mbili, na hasira yenyewe nimeishi nayo muda mrefu hata mke wangu amechoka kuisikia. Basi naiandika, na yeye apumzike.

Katika miaka ile ya hamsini nilikuwa mgema. Kwetu ni kaskazini ya Tanga, njia ya kwendea Moa, na minazi niliyokuwa nikigema niliirithi kwa baba. Si kazi ya kujisifia msikitini, nakubali. Nilikuwa naswali na nauza tembo, na wateja wangu walikuwa wanaswali na wanalinywa, na kila mtu alijua na hakuna aliyemuuliza mwenzake. Asubuhi napanda, nachonga ncha ya karara la maua kwa kotama, kile kisu chetu kilichopinda, nafungua kibuyu kidogo kilichojaa, nafunga kitupu, nashuka. Jioni vivyo hivyo. Minazi kumi na miwili, na ukiteleza hakuna wa kukudaka.

Lakini uzuri wa tembo langu haukutoka mnazini. Ulitoka chini, katika kibuyu kikubwa cha baba, kilichokatwa mdomo mpana ili kata ya kuchotea iingie. Vibuyu vidogo vyote nilivimimina humo, na humo tembo likakaa mpaka lichangamke. Kibuyu hicho hakikuoshwa kamwe. Baba alikisuuza kwa tembo lenyewe, basi, na ndani yake mashapo yalikuwa yameganda tabaka juu ya tabaka tangu kabla sijazaliwa. Mashapo hayo ndiyo yaliyoamsha tembo jipya na kulipa ladha. Watu walikuwa wakitoka mbali kwa miguu, wanapita wagema wengine njiani bila hata kugeuka, waje kunywa kwangu. Walidhani wananifuata mimi. Walikuwa wanafuata kibuyu, na mimi sikuwasahihisha.

Siku moja alikuja mpishi wa meneja wa shamba moja la mkonge, Mbondei wa upande wa Muheza, mtu mpole ambaye tulizoea kuitana ndugu.

"Ndugu yangu," akaniambia, "kesho asubuhi nitakuletea mgeni wa bwana. Kwao wana mashamba ya zabibu, wanatengeneza mvinyo. Anataka atembezwe kwa wagema, aonje tembo, mnazi mmoja mmoja."

"Mnazi mmoja mmoja? Kwani la mnazi huu na la mnazi ule yana nini?"

"Ndiyo desturi yao. Tena anataka faragha. Watu wasiwepo."

"Watu gani? Wateja wangu?"

"Wasogee kidogo tu, ndugu yangu. Na anakuja na mbwa wake, maana hawaachani."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Sikusema. Kuna wakati mtu anaombwa jambo kwa upole na mtu mpole, na neno "hapana" halimtoki, na baadaye anajilaumu yeye badala ya kuwalaumu waliomtuma yule mpole. Kesho yake nikawainua wanaume wazima kwenye benchi lao, mzee mmoja fundi seremala akiwa miongoni mwao, mtu ninayempa shikamoo, nikawaambia waende nyuma ya ua wa makuti kwa sababu kuna mgeni hataki kuonana na mtu. Fundi aliniangalia. "Haya," akasema, "leo tunafukuzwa mangweni kama kuku." Mangwe ndilo jina tunalopaita mahali pa kunywea tembo. Nikaona aibu, na aibu ile sikuisababisha mimi.

Mgeni akafika na gari la wazi, na kikapu cha bilauri zenye miguu, na kijidaftari. Mbwa alikuwa mkubwa, mwekundu, masikio yameanguka. Nikampandia mgeni mnazi wa kwanza, nikashuka na kibuyu kidogo, nikammiminia. Akaiinua bilauri juani, akaizungusha, akaingiza pua ndani akanusa, muda mrefu, hata nikadhani ananishuku nimetia kitu. Kisha akavuta funda moja, akalisukutua mdomoni huku macho kayafumba. Nikangoja nione uso wake.

Akatema.

Akatema chini, mchangani, mbele yangu, tembo nililolipandia asubuhi ile ile kwa miguu yangu. Akaandika kitu katika daftari, akanyoosha kidole kwenye mnazi wa pili.

Nikamvuta mpishi kando. "Huyu ana maradhi ya tumbo?"

"Hapana. Ndivyo wanavyoonja. Wakimeza yote watalewa kabla hawajamaliza."

"Sasa si asinywe! Nani kamlazimisha?"

Mpishi akanishika mkono ninyamaze, nikapanda wa pili. Akatema. Nikapanda wa tatu. Akatema. Nataka msomaji anielewe: mtu akisema tembo langu baya, tutabishana, na pengine tutapatana. Lakini huyu alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, anasema zuri, zuri, mpishi ananifasiria, na bado analitema. Mpaka leo sijaona matusi yaliyofanana na sifa zile. Na tembo lililobaki katika bilauri alikuwa akimwinamishia mbwa, na mbwa akilamba mpaka tone la mwisho, mkia unacheza. Asubuhi ile yote mbwa peke yake ndiye aliyemeza.

Nilikuwa juu ya mnazi wa saba, mgeni yuko chini anaandika, mpishi ananishikia kibuyu kitupu. Kutoka juu nikamwona mbwa anaondoka taratibu, pua chini, anafuata harufu. Akaenda moja kwa moja kivulini kwenye kibuyu cha baba, akatia kichwa chote ndani, akanywa.

Nilipiga kelele ambayo nadhani ilifika Moa. Nilishuka sijui vipi, kifua kimechubuka chote, na nilipofika chini mgeni alikuwa anacheka, anampigapiga mbwa mgongoni. Akasema maneno.

"Anasemaje?" nikamuuliza mpishi.

Mpishi akaangalia pembeni. "Anasema usiwe na wasiwasi. Mbwa huyu hulala kitandani kwake. Ni msafi."

"Msafi kuliko nani?"

Akainama kupanga bilauri kikapuni, nami nikajua kwamba maneno yalikuwa zaidi ya hayo. Juu ya ua wa makuti niliona vichwa vimejipanga. Fundi seremala alikuwa ameshika mdomo. Mpemba mmoja mchuuzi, mteja wangu wa siku nyingi, akasema kwa sauti, "Lahaula! Yakhe, kilichobaki hapa ni nini tena?"

Mgeni akauliza kama kuna mgema mwingine karibu. Na mimi, kwa hasira, ili tu yeye na mbwa wake waniondokee mbele ya macho, nikanyoosha mkono. Nikasema ng'ambo ya kijito yuko mwenzangu, nendeni kwake, tembo lake ni zuri. Nilijua vizuri wanakokwenda na nini kitatokea huko. Nilinyoosha mkono hivyo hivyo.

Gari lilipoondoka watu wakatoka nyuma ya ua. Hakuna aliyekaa. Nikamwaga tembo lote mbele yao, nikadhani yamekwisha.

"Na chombo?" akauliza fundi.

Kwetu, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo sikatai, nililisoma utotoni katika chuo cha Kurani kama wao. Nilichowaambia ni kwamba kibuyu hiki kikioshwa hivyo kimekufa. Nikawaeleza habari ya mashapo, jambo ambalo baba hakuwahi kumweleza mteja. Hawakutaka kusikia. Wakamtuma mtu kwa mwalimu wa chuo akaulize hukumu ya chombo kilichoingiwa na mbwa, na mtu akarudi na jibu: mara saba, moja kwa udongo. Mwalimu hakuuliza ni chombo cha nini, na wao hawakumwambia.

Mke wangu akatoka jikoni, upawa mkononi. "Nyie wazee! Mnachokinywa humo kila siku mwalimu amekihalalisha lini? Hamna haya?"

"Mambo hayo usiyachanganye, mama," akasema Mpemba.

Hakuna sentensi iliyowahi kuniudhi kuliko hiyo. Lakini walikuwa wameanza kuchukua kofia zao, na mtu anayeishi kwa wateja huona haraka sana kofia zikichukuliwa. Nikakibeba kibuyu kisimani. Nikatia udongo na maji na vijiwe, nikakitikisa kwa mikono miwili. Fundi akasimama kando anahesabu kwa sauti. Moja. Maji yakatoka ya kahawia. Mbili. Yakatoka na vipande, vyepesi kama maganda ya kitunguu. Hivyo vilikuwa jasho la baba yangu. Tatu, nne. Mke wangu alikuwa anavuta maji na kulia kwa hasira, hatazami mtu. Ya tano maji yakaanza kuwa meupe. Ya saba fundi akasema, "Alhamdulillahi, sasa kimetakata," akanipiga bega kana kwamba amenisaidia kazi.

Jioni mpishi alipita kuniomba radhi. Nikamuuliza ya ng'ambo yalikuwaje.

"Kule mbwa kanywa kushinda huku. Mgeni mwenyewe ndiye aliyemfunulia kibuyu."

"Watu walikuwapo?"

"Hata mmoja. Wote si walikuwa kwako wanachungulia?"

Wiki ile ile tembo langu likaanza kusemwa. Kwanza wakasema jua limezidi. Kisha wakasema nimetia maji. Fundi, aliyehesabu mpaka saba kwa mdomo wake, akalitikisa katika kata akaniambia, "Siku hizi umelegea, mwanangu. Hili halina kitu." Wakaanza kupungua mmoja mmoja, na njia waliyoshika ilikuwa ya ng'ambo ya kijito.

Nikaenda kwa mwenzangu. Baba alitufundisha kazi pamoja, tulianguka pamoja, tukapona pamoja. Nikamkuta peke yake ananoa kotama.

"Umeosha?" nikamuuliza.

"Nioshe nini?"

"Mbwa alikunywa humu. Mpishi kaniambia."

"Mimi sikuona kitu. Nilikuwa juu mnazini."

"Basi nitawaambia walioko kwako wanakunywa nini."

Akaiweka kotama chini. "Waambie," akasema. "Waje wahesabu saba na hapa. Lakini mashapo ya kibuyu hiki niliyapata wapi? Siku baba yako aliponiruhusu nikajitegemee, alikwangua ndani ya kibuyu chake akanipa. Ukitaka yasuguliwe na haya, sema." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Au chukua kidogo ukaanze upya. Ni haki yako."

Nikamwambia mimi situmii makombo ya mbwa. Nikaondoka. Njiani sikujua namkasirikia nani: yeye aliyesema uongo, au mgeni, au wazee wale, au mimi niliyenyoosha mkono.

Sikusema. Miezi ikapita. Nikabaki na wateja wa kiangazi, wapita njia wasiojua tembo, na nikaanza kuuza madafu.

Siku moja fundi seremala alinikuta kijitoni akanishika mkono, akasema twende, usiwe na kinyongo na mwenzako. Tukafika kwa yule mwenzangu, benchi limejaa, wote watu wangu. Nikawaamkia. Fundi akachota mwenyewe, akanipa kata iliyojaa. "Kunywa," akasema, "ujue tembo safi lilivyo." Wote wakanigeukia. Mwenzangu alikuwa amesimama kwenye shina la mnazi, kotama kiunoni, amenipa mgongo.

Nikiikataa kata wangeniuliza kwa nini, nami si hodari wa kudanganya. Nikanywa.

Lilikuwa tembo la baba. Si la kufanana. Lenyewe, lile nililoonjeshwa kwa ncha ya kidole nikiwa sijafika kiunoni mwake. Povu lile, ukali ule mwishoni. Nikanywa mpaka chini, macho yananiwasha, nikasikia wazee wale wanacheka na kusema, mnaona, hata yeye mwenyewe amekubali.

Nikamrudishia fundi kata, nikamwambia anichotee nyingine.